Karatasi ya stati za NPC mezani: nini kibaki, nini kitoke?

KeteTatu

Wakuu habari zenu. Naendesha kampeni ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) toleo la tano, wachezaji watano, tuko mwaka wa pili sasa. Tatizo langu ni NPC, yaani wahusika ninaowaigiza mimi mwendeshaji. Sio kuwatunga, kutunga naweza hata usingizini, shida iko pale mezani. Kila NPC namwandikia A4 nzima pande zote mbili, zile nguvu sita (nguvu ya mwili, wepesi, busara na nyinginezo), ujuzi, silaha, uchawi, lugha anazoongea, historia ya ukoo mpaka babu yake alikuwa nani, halafu siku ya mchezo mtu ananiuliza kaswali kadogo tu "huyu mlinzi anatuona?" na mimi naanza kupekua makaratasi kama nimepoteza risiti, wenzangu wanatoa simu, na nikija kuipata hiyo namba joto la tukio limeshapoa zamani.

Seshen iliyopita ndo ilinimaliza kabisa. Walivamia ghala, ndani kuna walinzi 6, kapteni wao na mchawi mmoja. Karatasi tatu, kila moja na mpangilio wake. Mchawi alikaa raundi mbili hajafanya la maana kwa sababu nilikuwa nasoma orodha ya uchawi wake, na katika kuhangaika na mchawi nikamsahau kapteni, raundi nzima kasimama tu. Mchezaji mmoja akauliza "kapteni ametuonea huruma au?" Nilicheka na wenzangu lakini iliniuma.

Sasa nataka nitengeneze kakaratasi kadogo ka kutupia jicho. Nyie mnabakiza nini, mnatoa nini, na mnapanga vipi? Maana kila nikikaa kupunguza naona kila kitu ni muhimu.

Bi_Penseli

"Kila kitu ni muhimu" ndo ugonjwa wenyewe hahaha, pole.

Unachanganya karatasi mbili mkuu. Kuna faili la mhusika, hilo ni lako wewe ukiwa peke yako, jaza hata kurasa kumi ukipenda. Halafu kuna kadi ya mezani, na hiyo kazi yake ni moja tu, kujibu swali la mchezaji kabla hajamaliza kuliuliza.

Fanya hivi, seshen ijayo nenda na makaratasi yako hayohayo marefu lakini shika penseli, kila namba utakayoitazama iwekee alama pembeni. Usitoe chochote, weka alama tu. Mi nilifanya hivyo seshen nne mfululizo na majibu yalinishangaza, nguvu sita sikuzitazama hata mara moja. Na ukifikiria ni sawa kabisa, maana mezani hakuna anayetumia 13 ya nguvu, kinachotumika ni ile +1 inayotoka humo, na hiyo +1 yenyewe imeshaingia kwenye namba ya kushambulia. Kwa hiyo ile 13 imekaa tu inakula nafasi. Andika jibu la hesabu, hesabu yenyewe ibaki nyumbani.

Mlinzi wa kawaida wa toleo la tano kwangu anaisha na mstari mmoja:

Mlinzi. AC 16. HP 11. Mkuki +3, dameji 4. Anaona 12. Hatua futi 30.

Basi. AC ni kinga, namba ya kufikia ili umpige, HP ni uhai wake, na +3 inajumlishwa kwenye dadu anayorusha akishambulia. Hiyo 12 ya kuona ndo 10 jumlisha ujuzi wake wa kutambua, nimeshapiga hesabu tayari. Mtu akiuliza "anatuona?" naangalia walichorusha kwenye kunyata, wamepata 12 na kuendelea wamepita, chini ya hapo amewaona. Sekunde mbili.

mzee_wa_d20

Bi Penseli kasema kweli, na hicho kitu sio kipya. Enzi za matoleo ya mwanzo mnyama mzima alikuwa anaandikwa ndani ya sentensi katikati ya maelezo ya chumba, kinga, ngazi, mwendo, anapiga ngapi, kwisha. Vijana mkaletewa mabloku ya nusu ukurasa mkadhani ndo maendeleo.

Ila kuna namba moja ya zamani nataka uirudishe kwenye kadi zako, kwenye stati za toleo la tano haimo na mimi sielewi waliitoa kwa nini. Ni namba ya moyo. Kwenye seti ya Basic ya D&D ya mwaka 1981 kila kiumbe alikuwa nayo, kuanzia 2 mpaka 12. Akifa wa kwanza upande wao unarusha d6 mbili (dadu za pande sita), wakianguka nusu yao unarusha tena, ukipata juu ya ile namba wanatimua mbio au wanasalimu amri. Moyo 8 ni kama asilimia 28 ya kukimbia kila ukirusha, moyo 7 inapanda mpaka 42 hivi, kwa hiyo tofauti ya namba moja inaonekana mezani kabisa sio ya kwenye karatasi tu. 12 huyo harushiwi, anapigana mpaka afe.

Faida yake ni kwamba inakuondolea wewe kazi ya kufikiria. Walinzi wako sita pale ghalani, kwani wanalipwa nini cha kufia magunia ya mtu? Wapewe 7. Wa kwanza akidondoka unarusha, wamekimbia wamekimbia, unabaki na watu wachache wa kuwasimamia na pambano limepata sura nyingine, sasa kuna mtu wa kumfukuza kabla hajapiga kengele.

GoblinMpole

Mimi swali kwa Bi Penseli, hiyo dameji 4 ya kila siku wachezaji hawajakushtukia? Wa kwangu walishtukia seshen ya pili tu, yule mpiganaji akawa anasema wazi "nina HP 9, mkuki ni 4, naweza kula miwili nikabaki nimesimama" akaingia katikati ya walinzi kama anaenda kwao. Mvuto wote wa hatari ukafa. Nikarudi kwenye dadu.

Bi_Penseli

@GoblinMpole walishtukia ndio, na mimi sijali kwa walinzi. Kitabu chenyewe kinakupa vyote viwili, wastani na dadu zake, kwa hiyo sio kwamba nadanganya. Walinzi na majambazi wa kawaida wanapiga wastani, mtu mwenye jina lake anarushiwa dadu. Na wachezaji wakiona nimeshika dadu wanajua huyu sio wa mchezo, imekuwa kama ishara.

Huyo mpiganaji wako aliyepiga hesabu, ungemuongezea mlinzi wa tatu tu 😂

Zamu_Yangu

Naomba nipinge kidogo maana uzi wote umekuwa wa kupigana na NPC wengi hawapigani, wanaongea. Kwenye kampeni yangu kwa kila NPC mmoja anayechomolewa panga kuna kama watano wanaoulizwa maswali, na hao ukiwaandikia AC na HP umejisumbua bure, halafu ukiwaandikia historia ya maisha napo umejisumbua bure kwa sababu mchezaji haulizi "ulizaliwa wapi", anauliza "meli iliingia saa ngapi" na anakuangalia usoni kuona kama unadanganya.

Kwa hiyo kadi zangu zina sura mbili. Mbele ni ya panga, nyuma ni ya mdomo. Nyuma naandika vitu vitano na havizidi: anataka nini, anaogopa nini, anajua nini, atasema nini badala ya anachojua, na kitu kimoja anachofanya na mwili wake. Ngoja niwape wa kweli kutoka kampeni yangu, msajili wa bandari:

Anataka deni lake lifutwe.
Anaogopa daftari la pili lisionekane.
Anajua meli nyeusi iliingia usiku bila kuandikishwa, na nani alishuka.
Atasema alikuwa mgonjwa usiku ule. Kumshtukia ni 13 kwenye dadu.
Anapangusa miwani.

Sasa angalia hiyo ya nne inavyofanya kazi. Zamani nilikuwa naandika tu "anaficha habari za meli", halafu mchezaji akimbana naanza kutunga uongo papohapo, na uongo wa kutunga papohapo seshen inayofuata umeshausahau wakati wachezaji wameuandika kwenye madaftari yao neno kwa neno, hapo unaumbuka. Uongo uandikwe. Kuliko hata ukweli, maana ukweli unaujua wewe mtunzi, uongo ndo unaponyoka.

Na miwani msiidharau. Sina kipaji cha kubadilisha sauti, nikijaribu sauti nzito nakohoa, lakini kupangusa miwani ya hewani naweza, na baada ya miezi mitatu nikipangusa tu vidole kwenye shati mezani wanasema "aaah yule mwizi wa bandari". Jina lake hawalikumbuki mpaka leo.

mzee_wa_d20

@Zamu_Yangu hiyo ya uongo kuandikwa naiba, asante dada.

GoblinMpole

Nje ya mada kidogo, kama mtu haogopi kubadilisha mfumo, Numenera ya 2013, mchezo mwingine wa aina hii, ililimaliza hili tatizo kibabe. NPC ana level moja tu, ukizidisha mara 3 unapata namba ya kila kitu, kumpiga, kumdanganya, kumkwepa. Level 4 ni 12. Na kama haijaandikwa vingine uhai wake ni hiyohiyo 12 na akikupiga ni 4. Unaandika tofauti zake tu, mfano "mlinzi level 3, kugundua uongo level 5", NPC kamili ndani ya nusu mstari. Hata ukibaki na D&D hiyo akili ya kuandika tofauti tu unaweza kuiazima, kwamba mtu wa kawaida ujuzi wote ni +0 na unaandika tu pale anapozidi au kupungua.

KeteTatu

Duh nilienda kulala nikakuta uzi umejaa, shukrani sana wadau. Nimejaribu jana kuwafupisha kapteni na mchawi, mnikosoe bila huruma.

KAPTENI ZUWENA. Binadamu, miaka 41, aliwahi kuwa baharia. AC 15. HP 65. Sevu (za kukwepa madhara) nguvu +4, wepesi +5, busara +2. Anaona 10. Panga +5 dameji 6 mara mbili, kisu +5 dameji 5 mara moja. Anaweza kukinga, AC inapanda 2 kwa pigo moja. Moyo 9.

MCHAWI. AC 12, akivaa kinga ya uchawi 15. HP 40. DC 14 (namba ya kufikia ili kukwepa uchawi wake). Uchawi: halafu hapa nimeandika majina yote, yako kama kumi na nane, nimeshindwa kuamua.

Bi_Penseli

Kapteni yuko vizuri, vitu viwili tu. Miaka 41 na ubaharia vitoke mstari wa kwanza, vihamie nyuma kwenye mdomo, hapo juu ndo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote kwenye kadi, jicho linatua hapo. Cha pili, kule kukinga umekuandika mwisho kama kitu cha ziada wakati kunatumika kwenye zamu ya MTU MWINGINE, ndo maana vitu vya aina hiyo vinasahaulika kila siku. Mchezaji anakwambia "nimepata 16" wewe jicho lako linaenda kwenye AC sio kwenye mistari ya mwisho. Basi kiweke palepale: AC 15, akikinga 17, mara moja kwa raundi. Utaona hutakisahau tena.

Kanuni ninayoifuata ni kupanga kadi kwa jinsi maswali yanavyokuja. Wanauliza kwanza anatuona? Halafu nimempiga? Bado yuko hai? Halafu inakuja zamu yake, anafanya nini? Basi na kadi ifuate hivyohivyo, kuona, AC, HP, anachofanya. Mpangilio wa kitabuni umepangwa kwa mtu anayesoma kitabu.

mzee_wa_d20

Mchawi nipe mimi.

Huyo mtu ana uchawi mwingi lakini ataishi raundi ngapi? Ana HP 40 na kuna wachezaji watano wanamtaka roho, akifika raundi ya nne amebahatika. Kwa hiyo anahitaji uchawi wa raundi tatu, mingine yote ni ya faili la nyumbani. Na usiandike kama orodha, andika kama mpango:

Raundi ya 1: mpira wa moto, sevu ya wepesi 14, dameji 28, akifaulu nusu. Unafika futi 20 kila upande kutoka katikati.
Mtu akirusha uchawi ndani ya futi 60: anauzima, mara moja kwa raundi, sio zamu yake.
Akibanwa au HP ikifika 15: anayeyuka na kutokea futi 30 pembeni kwa bonasi (tendo la nyongeza la zamu yake), halafu anakimbia.

Ukiwa na hiyo hufikirii kitu, unasoma tu. Na wachezaji watadhani una mchawi mwenye akili sana, kumbe akili uliitumia ukiwa umetulia sio pale watu wanakusubiri. Angalia pia nimeandika maelezo ya uchawi sio jina peke yake, jina peke yake ni kama kujiandikia "kafungue kitabu".

Zamu_Yangu

Hapo kwa mchawi namuunga mkono mzee asilimia mia. Na mpe jina jamani, kapteni ana jina mchawi ni "MCHAWI", wachezaji watamuuliza jina la kwanza kabisa.

Panya_wa_Shimo

Nimekuwa nasoma tu ngoja nichangie upande wa karatasi yenyewe maana hamjaugusa. A4 ikunje mara mbili ukate, unapata A6 nne, hiyo ndo saizi yangu, NPC mwenye jina anapata A6 yake. Ikikataa kutosha sio kwamba fonti ni kubwa, ni kwamba umeandika mengi, usije ukashuka mpaka fonti ya 8 kwa ubishi, taa za mezani sio za ofisini na unasoma ukiwa umesimama nusu ya muda. Mi sishuki chini ya 11.

Wale wa kundi kama walinzi sita wote kadi moja, stati mara moja juu, halafu chini mistari sita ya visanduku vya HP. Wape namba 1 mpaka 6 na namba hizohizo ubandike chini ya vinyago vyao, ukisema "namba nne amekufa" hakuna ubishi wa ni yupi. Na dameji ihesabiwe kwenda juu, usitoe. Yaani badala ya 65 toa 9 toa 14 toa 7 unaandika 9, 23, 30 mpaka ifike 65. Kujumlisha kichwani ni kwepesi kuliko kutoa, hasa saa ya nne ya mchezo.

Na kuhusu kumsahau kapteni, hiyo kadi haiwezi kukuokoa ikiwa imelala kwenye rundo. Kunja karatasi ndogo kama paa la nyumba, ining'inize juu ya skrini yako ya GM (mwendeshaji wa mchezo), upande wa wachezaji jina kubwa, upande wako AC na kuona. Unazipanga kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimruka kapteni wachezaji wenyewe watakwambia maana jina lake linawatazama.

GoblinMpole

Mimi yote hayo nafanya kwenye spredishiti kwenye laptop na sijawahi kupoteza kadi.

Panya_wa_Shimo

Na betri?

GoblinMpole

Mara moja tu 😅 tena kwenye pambano la mwisho

KeteTatu

Wakuu narudi na ripoti, tumecheza jana.

Nilifanya kama mlivyosema, A6 kwa kapteni, A6 kwa mchawi, jina lake sasa ni Sudi, kadi moja ya walinzi, mapaa juu ya skrini. Ghala tulirudia kutoka pale walipokimbilia mara ya kwanza. Mpira wa moto raundi ya kwanza, wawili chini, meza nzima kimya. Ule wa kuzima uchawi niliukumbuka kwa wakati kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mchezaji aliyezimiwa aliniangalia kama nimemwibia. Walinzi moyo uliwaisha baada ya wa pili kufa, nilirusha 9, wakatoka nje wote, mmoja akaangusha mkuki, na hilo la mkuki sikulipanga lilikuja tu kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kufikiria.

Kilichonishinda ni kitu kingine. Kapteni Zuwena naye alishindwa kwenye namba ya moyo, alikimbia na HP 12 zimebaki, na kabla hajaruka dirishani akamchomoa paladini (shujaa mtakatifu wa kundi) kisu chake cha urithi kiunoni. Wachezaji wamechachamaa, seshen ijayo wanataka kumtafuta yeye tu, ile safari niliyoandaa hawaitaki. Sasa kadi yake imejaa alama za penseli, HP za jana, kona imelowa maji. Mnamfanyaje NPC anayerudi, mnamwandikia kadi mpya au?

Bi_Penseli

Hiyo chafu usiitupe. Futa HP tu, pande zingine ziache, halafu nyuma pale kwenye mdomo badilisha mstari mmoja. Alikuwa anataka nini ghalani, kulipwa? Sasa anataka kingine. Ana kisu cha mtu, ameaibika mbele ya walinzi wake waliomkimbia, na bosi wake anamdai ghala.

Zamu_Yangu

Na andika uongo wake mpya. Wakimpata, atasema kisu amekiuza.

Panya_wa_Shimo

Kona iliyolowa weka selotepu.